Elimu Niliyoipata Saa za Mapumziko

Nikisema nilisoma sekondari ya masista, swali la kwanza huwa la adhabu. Watu wanangoja nisimulie fimbo, kupigishwa magoti kwenye kokoto, kuvutwa masikio. Nikiwaambia sikuwahi kumwona sista akimwinulia mwanafunzi mkono, wananitazama kwa jicho la kutoniamini, kisha wanahamia swali la pili: basi mlikuwa mnasali kutwa nzima?

Jibu la swali la kwanza lina historia. Shule yetu iliendeshwa na Mabinti wa Maria Msaada wa Wakristo, ambao wengi huwaita masista wa Don Bosco. Don Bosco alikuwa padre wa Torino, Italia, aliyezaliwa mwaka 1815 na kufariki 1888. Akiwa bado padre kijana alitembelea magereza ya mji ule, akakuta vijana wadogo wamefungwa, wakitoka wanarudi tena, na akaanza kujiuliza wangekuwa wapi kama wangepata mtu wa kuwajali mapema. Mwaka 1877 aliandika maelezo mafupi ya malezi yake. Alitofautisha njia mbili. Ya kwanza ni ya kukomesha: mkubwa anatangaza sheria, anajiweka mbali, kisha anavizia atakayeivunja. Ya pili ni ya kuzuia: mkubwa yupo hapo hapo na vijana kabla kosa halijatendeka. Katika maelezo hayo hayo alikataa kabisa kumpiga kijana kwa namna yoyote, kumpigisha magoti kwa mateso na kumvuta masikio. Yaani ile orodha ninayoulizwa kila mara ilikwisha kukataliwa kabla bibi wa bibi yangu hajazaliwa.

Isidhaniwe kwamba tulideka. Sheria zilikuwepo, tena nyingi, na kengele haikumsubiri mtu. Lakini Don Bosco aliona kwamba jicho la lawama kutoka kwa mtu unayempenda linafanya kazi kuliko kofi, na masista wetu walilitumia jicho hilo vizuri sana. Sista mkuu akikupita mlangoni bila kukuuliza habari yako, ulikuwa unajua umefanya nini, na ulikuwa unajua kwamba anajua. Nimeona wasichana wenye vichwa vigumu kweli kweli wakimfuata hadi ofisini kuomba radhi bila kuitwa. Ila jicho hilo halimgusi mtu asiyekupenda, na hatukuwapenda masista kwa sababu ya mavazi yao meupe. Tuliwapenda kwa sababu ya uwanja.

Mapumziko ya saa nne asubuhi, na tena jioni masomo yakiisha, ofisi zao zilikuwa tupu. Wote walikuwa uwanjani. Kwa mwanafunzi mgeni hiyo ilikuwa kero. Unatafuta kona ya kulia, maana nyumbani umepakumbuka na hutaki kuonekana, unamkuta sista amesimama hapo hapo na mpira mkononi, anatafuta mtu wa kukamilisha timu. Sista mkuu mwenyewe, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, alikuwa kipa mbovu kuliko makipa wote niliowahi kuwaona, na alishangilia hata mabao aliyofungwa yeye. Mwanzoni nilidhani ni ulinzi uliovalishwa michezo. Kwa sehemu ulikuwa ulinzi kweli, sikatai. Lakini mlinzi hajui kwamba fulani anacheka tu akiwa na fulani, au kwamba yule mrefu wa kidato cha tatu tangu juzi hatembei na mtu yeyote.

Sista wa Hisabati hakucheza. Magoti yake yalikuwa mabovu, kupanda ngazi tu kulimtoa jasho. Yeye alizunguka uwanja polepole, mikono nyuma, na kila baada ya hatua kadhaa alisimama karibu na mtu, akamwinamia, akasema neno moja, akaendelea na safari yake. Nayo ni desturi iliyotoka kwa Don Bosco: neno fupi sikioni, halirudiwi wala halifafanuliwi. Siku iliyofika zamu yangu aliniambia, "Unajua jibu. Acha kungoja mwenzako alitoe." Akapita. Kesho yake darasani aliuliza swali la milinganyo, akatulia, akatazama dirishani. Hakunitazama hata kidogo. Nilinyoosha mkono kwa sababu ule ukimya ulikuwa wangu na sisi wawili tulijua.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nilipoanza kufundisha mwenyewe. Daftari la mwanafunzi huchelewa kusema. Marafiki wawili wakigombana, alama zao zinashuka baada ya wiki mbili tatu, na hapo mwalimu ndipo anaanza kuuliza kulikoni. Sista wa Hisabati alikuwa anauona ugomvi ungali mbichi, pale uwanjani, wakati mmoja anapoanza kukaa upande wa pili wa mti. Alibadilisha viti vya darasa kabla mtu hajaporomoka, nasi tukadhani anapanga kwa urefu.

Kukaa, kwa kweli, hatukuchagua popote. Kitanda, meza ya bwalo, kiti cha chumba cha kujisomea, kikundi cha usafi, vyote vilipangwa, na muhula ukibadilika vilipangwa upya. Nililalamika kama wenzangu. Muhula mmoja kwenye masomo ya usiku nikapangiwa kukaa na binti asiyenyamaza. Yeye hakuweza kusoma kimoyomoyo. Ilibidi aulize, na aliyekuwa karibu ni mimi. Tulikuwa kwenye Kemia, mada ya mole. Mimi nilikuwa nimekariri vizuri: gramu 12 za kaboni ni mole moja, gramu 18 za maji ni mole moja. Yeye akaniuliza, kwa mnong'ono uliosikika hadi meza ya tatu, "Kwa nini 18?" Nikamwambia oksijeni ni 16, hidrojeni ni 1, na ziko mbili. "Hiyo naijua kujumlisha. Nauliza, kama mole ni moja na mole ni moja, mbona uzito si mmoja?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikaa nikifuta na kuandika hadi kengele ya kulala ikakaribia, ndipo nikapata njia: dazani ya vifungo na dazani ya milango zote ni kumi na mbili, lakini jaribu kuzibeba. Mole ni idadi, haina habari na uzito. Ni hesabu ya chembe, kiasi cha 6.02 mara kumi kwa kipeo cha 23, iwe ni chembe za kaboni au za maji. Alinyamaza, jambo ambalo lilikuwa geni kwake, kisha akasema "Kumbe!" kwa sauti kubwa hadi msimamizi akageuka. Wiki iliyofuata nilimsikia akiwaeleza wengine mada ile ile, na mifano yake ilishinda wangu. Mtihani ulipokuja mole haikutusumbua sisi wawili. Mimi ndiye niliyefaidi zaidi, maana kabla ya swali lake nilikuwa nabeba namba tu.

Binti huyo alikuwa Mwislamu. Hapa ndipo linapoingia lile swali la pili la watu, la sala. Misa ilikuwepo, rozari ya mwezi wa tano na wa kumi ilikuwepo, mafungo ya Kwaresima yalikuwepo. Lakini sheria za Kanisa lenyewe, katika kanuni ya 748, haziruhusu kumlazimisha mtu aingie katika imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake, na masista walitusomea kanuni hiyo darasani wala hawakuificha. Wasio Wakatoliki walikuwa na chumba chao na saa zao. Ramadhani ilipofika, sista wa zamu alijiwekea saa ya kuamsha ili awafungulie bwalo wakati wa daku, na aliwasubiri hadi wakamaliza, akisali sala zake za alfajiri pale pale kwenye benchi. Hapakuwa na hotuba ya kuheshimiana dini. Nimehudhuria mikutano mingi tangu hapo yenye hotuba hizo, na sijaona uliofika pale lilipofika lile benchi.

Saa sita mchana kila mtu alisimama kwa ajili ya Malaika wa Bwana, sala fupi kwa Bikira Maria. Naikumbuka sana kwa sababu nilipangwa zamu ya kengele. Inaonekana kazi rahisi hadi uipewe. Kengele ya Malaika wa Bwana ina mpango wake: mapigo matatu, kimya, matatu, kimya, matatu, halafu mfululizo. Ukiharakisha vile vimya, waliomo darasani hawamalizi Salamu Maria, na watakutafuta mchana wakuseme. Kipindi cha Pasaka sala inabadilika, anaimbwa Malkia wa Mbingu, na mpigaji kengele asiyekumbuka anaharibu shughuli nzima. Nilijifunza kutoka darasani dakika mbili kabla bila kukatiza somo, kusoma saa ya ukutani bila kuiamini, na kuvuta kamba nikiwa nahesabu. Mwalimu wa Jiografia aliniambia kwa utani kwamba mimi ndiye mwanafunzi pekee anayeweza kumkatisha sentensi.

Kuwapa wanafunzi kazi za namna hiyo ni jambo la zamani kwenye shule za Kikatoliki. Mtakatifu Yohane wa La Salle, aliyeanzisha shirika la mabruda wa shule huko Ufaransa mwaka 1680, alipanga katika madarasa yake wawepo watoto wa kupiga kengele, wa kutunza ufunguo, wa kugawa na kukusanya karatasi, wa kufagia. Kwetu, orodha ya zamu ilibandikwa Jumamosi, na ilikuwa kipofu. Binti wa mtu mkubwa alisugua choo wiki ile ile ambayo binti aliyesomeshwa kwa msaada wa wafadhili alipanga maua ya altare. Nani analipiwa ada na nani halipiwi tulikuja kujua miaka baada ya kumaliza, na wengine hatujajua hadi leo.

Si kwamba sisi wenyewe tulikuwa malaika. Wakubwa waliwatumikisha wadogo: kuchota maji, kufua, kutandika vitanda visivyo vyao. Hilo lilifanyika pale ambapo jicho la sista halikufika, yaani bafuni na nyuma ya mabweni, na lilirithiwa. Aliyetumikishwa mwaka jana aliona mwaka huu ni haki yake. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya ujanja kidogo. Kila mgeni alipewa dada mmoja wa vidato vya juu, na ukaguzi wa bweni ukabadilishwa: alama za usafi za dada zilitokana na kitanda cha mdogo wake. Mdogo akichelewa, dada anaulizwa. Mdogo akiugua, dada ndiye anayekuja kuripoti. Ghafla wakubwa wakawa wanafundisha kutandika shuka badala ya kuamuru zitandikwe. Kwa wengi ilifanya kazi. Kwa wachache uonevu ulihama tu, ukawa wa maneno, na maneno hayana ukaguzi.

Kwaya nitaitaja kwa kupita. Nilikuwa sauti ya pili, na sauti ya pili ukiiimba peke yako haina maana yoyote. Basi.

Neno la usiku mwema ndilo nililolikosa zaidi nilipotoka. Saa tatu na nusu, baada ya sala, tulijipanga ukumbini na sista mmoja akasema maneno ya dakika mbili au tatu kabla ya kwenda kulala. Desturi hiyo inaanzia mwaka 1847, pale Valdocco, Torino, nyumbani kwa Don Bosco. Mvulana yatima, mvua imemnyeshea, alibisha hodi usiku. Mama yake Don Bosco, Margherita, mkulima asiyejua kusoma, alimpa chakula, akamtengenezea mahali pa kulala jikoni, akamwambia maneno machache mema kabla hajazima taa. Hadi leo nyumba za Don Bosco zinafunga siku kwa namna hiyo.

Ya kwetu ilikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa popote: linatajwa jambo la siku ile, bila jina. "Leo mtu ameokota sahani isiyokuwa yake akaiosha." Kisha usiku mwema. Tulipanda ngazi kila mmoja akijiuliza ni nani, na wengine tukijiuliza kwa nini haikuwa sisi. Siku yalipobandikwa matokeo ya majaribio ya Hisabati, na yalikuwa mabaya kwa darasa zima, alisimama yule Sista wa magoti mabovu. Tulitegemea mvua ya maneno. Akasema, "Walioumia leo ni wengi. Kesho saa kumi nitakuwa chumba cha mwisho, na kesho kutwa, na siku zinazofuata. Aliyeumia kidogo naye aje. Usiku mwema." Alikuwa ameshika orodha mkononi na hakuifungua. Kesho yake saa kumi viti havikutosha, wengine tuliketi madirishani. Alianza na hesabu za sehemu, jambo la shule ya msingi, na hakuna aliyecheka, kwa sababu ilionekana wazi kwamba ndipo tulipokwama.

Kwenye ngazi za bweni ilitundikwa picha ya mwanamke mwenye uso wa shambani, Maria Domenica Mazzarello, aliyeanzisha shirika la masista wetu pamoja na Don Bosco mwaka 1872 katika kijiji cha Mornese, Italia. Hadithi za watakatifu mara nyingi zinasimuliwa zikiwa zimepigwa pasi hadi hazina mtu ndani. Ya huyu ilitushika. Alikuwa na nguvu za kufanya kazi kwenye mizabibu pamoja na wanaume. Mwaka 1860 akaenda kuuguza ndugu zake waliopata homa kali, akaambukizwa, akapona, lakini nguvu hazikurudi. Shamba likawa limemshinda akiwa na miaka ishirini na kitu. Akajifunza ushonaji, na pamoja na rafiki yake wakafungua chumba cha kuwafundisha wasichana wa kijiji kushona. Kuandika alijifunza akiwa mtu mzima. Mwanamke huyo ndiye aliyeongoza shirika linaloendesha shule nchi nyingi duniani.

Darasani kwetu palikuwa na mmoja aliyetuzidi sote umri. Alikuwa amekatishwa masomo nyumbani, akarudi, na mwandiko wake ulikuwa wa taabu. Sista alipotusimulia habari ya Mazzarello na kalamu, hakumtazama, na sisi tulijitahidi kutomtazama. Baada ya kipindi yule dada alisema, "Angalau mimi nimeanza mapema," na darasa zima likaangua kicheko, yeye akiwa wa kwanza. Tangu siku hiyo aliacha kuficha daftari lake kwa mkono akiandika. Leo ana ofisi yake na watu chini yake, na mwandiko bado ni ule ule.

Mimi sasa ni mwalimu, katika shule isiyo ya masista. Nilipoanza nilidhani nitaleta yale maneno mazuri niliyoyasikia: akili, dini na upendo, nguzo tatu ambazo Don Bosco alisimamishia malezi yake. Maneno hayakunisaidia sana. Kilichonishinda kilikuwa muda. Wale masista hawakuwa na watoto wa kuwahi nyumbani wala daladala ya kugombania jioni. Waliishi pale pale, na maisha yao yote yalikuwa yamepangwa ili saa nne asubuhi na saa kumi jioni wawe huru. Mwalimu wa kawaida ana madaftari ya madarasa manne na kikao cha idara. Kumwambia awe uwanjani kila mapumziko ni kumwomba chai yake, kiti chake na dakika pekee ya kuongea na mtu mzima mwenzake. Kwa hiyo siwalaumu wenzangu wanaobaki ofisini. Naona tu kwamba tunayazungumza malezi ya kuzuia kana kwamba ni fikra, wakati kwa sehemu kubwa ni ratiba.

Don Bosco mwenyewe alilijua hilo. Katika barua aliyoiandika akiwa Roma, Mei 1884, alisikitika kwamba walezi wa nyumba yake ya Torino wameanza kukaa pembeni wakati wa michezo, wakizungumza wao kwa wao. Akasema haitoshi vijana kupendwa, ni lazima wao wenyewe wajue kwamba wanapendwa. Alikuwa na miaka 68 na afya yake imeshachakaa, na kitu alichokiandikia barua ndefu vile ni mapumziko.

Nilichofanya ni kidogo. Nilimwendea mwalimu wa taaluma nikaomba zamu ya uwanjani saa nne iwe yangu kila siku, wengine waondolewe, nami niondolewe usimamizi wa maktaba. Alikubali kwa haraka iliyonitia shaka, akafuta majina yote kwenye ratiba kabla sijamaliza sentensi. Natembea. Mpira siuwezi. Wiki hii kuna msichana wa kidato cha kwanza anayezunguka na kitabu kilichofunguliwa ukurasa ule ule, na nimeshamhamisha kiti.